Mwanafunzi Mwenye Kazi ni Mfanyakazi

Katika Dar es Salaam wako vijana wa vyuo ambao mchana huwa darasani na jioni huwa kazini. Huyu huwahudumia wageni hotelini, yule huuza dukani, mwingine hufundisha watoto wa watu majumbani kwa ujira. Wapo wazee wanaowalaumu, wakisema ati mshika mbili moja humponyoka. Sisi hatukubaliani na lawama hiyo.

Chuo Kikuu kilipoanza mwezi Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake walikuwa wachache sana. Leo vyuo ni vingi, na wanafunzi ni maelfu kwa maelfu. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, haimpi kila mwombaji, wala si kila apewaye hutoshelezwa. Mtoto wa mkulima aliyepungukiwa atafanyaje?

Kufanya kazi si aibu. Aibu ni ya mwajiri anayemwona kijana huyu kuwa ni mpita njia, akamnyima mkataba, akamlipa nusu ya ujira wa mwenzake, kisha akampangia zamu ya usiku katika juma la mitihani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimtengi mtu kwa kuwa ni mwanafunzi. Imeweka saa za kawaida zisizopita 45 kwa juma, imeagiza nyongeza kwa kazi ya usiku, na imetoa haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi.

Jambo hili latuhusu sote. Mwajiri akizoea kumpata kijana msomi kwa nusu ya ujira, kesho atamwambia baba wa watoto watano apokee nusu hiyo hiyo au aondoke. Kumtetea mwanafunzi ni kujitetea wenyewe.

Kwa hiyo twawataka viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi wawatafute vijana hawa, wawaandikishe, na wadai zamu zao zipangwe kwa kuangalia ratiba ya mitihani. Nanyi wanafunzi, msijifiche kwa haya. Semeni mapema mnapoonewa. Lakini kumbukeni kwamba mlitoka kwenu kwa ajili ya masomo. Kazi inayowasomesha ishikeni, inayowafelisha iacheni.