Monaco, Nchi ya Eka Mia Tano

Mtu akitoka Kawangware kwa miguu mpaka Kibera, amekwenda mwendo uzidio urefu wa nchi nzima ya Monaco. Nchi hiyo ipo pwani, imezungukwa na Ufaransa, nayo ina mtawala wake, stempu zake na askari wake, bali eneo lake ni eka zipatazo 500 tu. Mashamba hakuna, uwanja wa ndege pia hakuna. Msafiri hushuka Nice, kisha hupanda gari la moshi. Akifika ataiona nyumba mashuhuri ya kamari, lakini raia wa Monaco wenyewe wamekatazwa kucheza humo, na pengine hiyo ndiyo sheria yao yenye busara kupita zote.

Zamani nchi hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1861 iliiachia Ufaransa miji ya Menton na Roquebrune kwa faranga milioni 4, ikabakiwa na kipande kidogo. Baadaye ikaanza kufukia bahari ili kupata ardhi. Uwanja wa Louis II, ambako Faith Kipyegon alikimbia maili kwa dakika 4 na sekunde 7.64 mwaka 2023, umesimama mahali palipokuwa maji.

Habari za ardhi kupungua si ngeni kwa Wanubi wa Kibera. Mwaka 1918 serikali iliwatengea wazee wao, askari wa Keya wenye asili ya Sudan, eka 4,197, yaani mara nane ya Monaco ya leo. Wao ndio waliopaita Kibra, maana yake msitu. Kibera haina bahari ya kufukia. Hati waliyopewa Wanubi mwaka 2017 ni ya eka 288.