Mabanzi ya Njombe Yasiishie Motoni

Mkaazi wa Unguja au Pemba akisikia neno kipupwe hukumbuka upepo wa kusi na shuka moja ya ziada. Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kipupwe ni jambo jingine. Juni na Julai watu huvaa makoti mchana kutwa, na zipo alfajiri ambazo sakitu hulala juu ya majani. Katika baridi hiyo banzi la mbao ni neema, na hatuna ugomvi na mwananchi anayelitia mekoni.

Ugomvi wetu ni na moto mwingine, ule unaowashwa penye mashine za kupasulia mbao kwa nia ya kuondoa takataka tu. Gogo ni la duara na mbao ni ya pembe nne. Kwa hiyo kila gogo lipasuliwapo hapana budi mbavu zake zibaki. Walimu wetu wa chuoni walituonya mapema juu ya israfu, nasi hatuoni jina jingine la kitendo hiki. Kampuni ya miwati ya Njombe, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilionyesha zamani kwamba mabaki ya miti yanaweza hata kutoa umeme. Lakini si kila kijiji kitajenga mtambo.

Pambo la mezani halihitaji mtambo. Banzi la msindano huanikwa kivulini wiki kadhaa, kwani juani hupinda na kupasuka. Gamba hubanduliwa, maana ndimo wadudu wanamojificha, na abiria wa namna hiyo hatumtaki Visiwani. Kisha hukatwa vipande vyembamba vyenye urefu unaopungua, hutobolewa katikati kwa keekee, na kutungwa katika ufito mmoja wa wima: kirefu chini, kifupi juu. Huo ni mti mdogo wa kipupwe cha Ulaya. Msasa upite kingoni tu, ukwaru wa msumeno uachwe uonekane. Vanishi si lazima, na kwa maoni yetu huharibu.

Atakayeuliza Mwislamu wa Visiwani ana haja gani na mti huo, ajiulize kwanza ni nani wanaojaza hoteli za Nungwi na Paje mwezi wa Desemba, na kwa nini wapambiwe plastiki iliyotoka ng'ambo.

Wala si mchezo wa watoto. Huko Seiffen, katika milima ya Saksonia nchini Ujerumani, madini yalipopungua wachimbaji waligeukia kukereza miti, wakatengeneza wanyama wadogo na mapambo ya Krismasi. Kijiji hicho kilikuwa katika Ujerumani ya Mashariki, dola ile ile iliyosaidia kujenga nyumba za Kikwajuni baada ya Mapinduzi ya 1964, na vitu vyake vya mti viliiletea fedha za kigeni. Dola hiyo ilikoma mwaka 1990. Mafundi wa Seiffen wangali kazini.

Njia ya kufikisha mzigo ipo. Makambako ni njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina stesheni hapo. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya chombo tu hadi Malindi.

Kinachokosekana ni kauli ya wenye mamlaka. Wakala wa Huduma za Misitu utamke wazi kama kijana mwenye boksi la mapambo ya mabanzi anadaiwa kibali sawasawa na mwenye lori la mbao. SIDO ipeleke keekee na mwalimu vijijini, na isingoje vijana waifuate mjini. Na ndugu zetu maofisa wa utalii Zanzibar waulize mahoteli, kabla ya Julai, yanataka vipande vingapi na kwa bei gani, ili mabanzi yapate kukauka kwa wakati.