Ndimu na Magadi Ndani ya Damu

Kila mama aliyelainisha maharage kwa magadi na kukamulia ndimu kitoweo chake anajua kwamba vitu hivi viwili ni mahasimu. Vikikutana, povu huchemka na ukali wa kila kimoja hupungua. Povu hilo ni hewa ya kaboni, nayo ndiyo hewa ile ile tunayoitoa puani kila tupumuapo.

Mfanano huo si wa bahati. Mwili huzaa asidi usiku na mchana kutokana na chakula na kazi, ilhali damu haina budi kuelekea kidogo upande wa magadi. Katika kipimo kianziacho 0 hadi 14, ambacho 7 ni katikati, damu ya mtu mwenye afya hukaa baina ya 7.35 na 7.45. Ndani ya damu mna bikaboneti, ndugu wa magadi, ambayo huipokea asidi na kuigeuza kuwa maji na hewa ya kaboni. Mapafu huitoa hewa hiyo nje kwa dakika chache. Figo nazo huitoa asidi kwa njia ya mkojo na kuirudisha bikaboneti damuni, ila kazi yao huchukua saa nyingi, pengine siku kadhaa. (Wanaodai kwamba ndimu huifanya damu kuwa chachu hawakuwauliza figo!)

Sasa tumtazame mtoto anayeharisha. Maji yale yanayompotea hutoka na bikaboneti ya utumbo. Mwili ukikauka, figo hukosa damu ya kutosha na kushindwa kuondoa asidi. Yabaki mapafu peke yake. Ndipo mtoto huanza kuvuta pumzi ndefu na za haraka, ingawa hakohoi. Nyumbani husemwa ni kifua, akanunuliwa dawa ya kikohozi. Au husemwa kuna mkono wa mtu, na siku nzima ikapotea kwa mganga. Kumbe mtoto anapigania damu yake, na akichoka kupumua hivyo, hana kinga nyingine. Na hata kama kweli ni kichomi, mtoto apumuaye namna hiyo ni wa kupelekwa zahanati saa ile ile, awe anakohoa au hakohoi.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundikia wagonjwa wa kipindupindu katika kambi ya wakimbizi huko Bongaon, India. Akachanganya chumvi, glukosi na bikaboneti katika maji, akawapa jamaa wawanyweshe wagonjwa wao. Vifo vilivyokuwa vikifikia karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Pakiti za leo zina sitreti mahali pa bikaboneti, kwa kuwa haiharibiki upesi katika joto na unyevu. Sitreti ni ya ukoo wa asidi ya ndimu, na ini huigeuza kuwa bikaboneti.

Pakiti ikikosekana, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufutwa sawasawa, katika lita 1 ya maji safi. Mchanganyiko huo hurudisha maji na chumvi, lakini hauna sitreti. Basi uwe wa kushikilia tu mpaka pakiti ipatikane. Usithubutu kutia magadi ya jikoni. Mtoto wa chini ya miaka 2 anyweshwe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, na ziwa asinyimwe. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea kwa kijiko, polepole. Akilegea, macho yakididimia, au akishindwa kunywa, hapo si kazi ya jikoni tena, apelekwe hospitali huku akinyweshwa njiani kama aweza kumeza. Maji yaliyosalia baada ya saa 24 yamwagwe, yachanganywe mengine.