Walikuwa Mwilini Kabla ya Paulo

Lipo fundisho linalopita mkono kwa mkono, mara kwa vijitabu, mara kwa simu, lisemalo kwamba Mwili wa Kristo haukuanza siku ya Pentekoste. Eti wale elfu tatu waliobatizwa Yerusalemu walikuwa kanisa la Wayahudi tu. Mwili ukaanza baadaye, Paulo alipoitwa. Wengine, wakimfuata Mwingereza E. W. Bullinger (1837–1913), huusogeza mwanzo huo hata baada ya Matendo 28. Sisi wa Shumba tunalikataa fundisho hili, na sababu tunazo.

Kwanza, Paulo mwenyewe akiri kwamba aliliudhi kanisa la Mungu (1 Kor. 15:9, Gal. 1:13). Kanisa gani, ikiwa lilikuwa halijakuwapo? Wakijibu kwamba hilo lilikuwa kanisa jingine, na waisome njia ya Dameski (Mdo. 9:4-5). Sauli alikuwa akiwafunga wanafunzi, lakini Bwana alimwuliza kwa nini anamwudhi Yeye. Kidole kikiumia, kinywa ndicho kinacholia. Kama wale hawakuwa viungo vyake, Bwana aliumia wapi?

Pili, Paulo asema kwamba Androniko na Yunia walikuwa katika Kristo kabla yake (Rum. 16:7). Hasemi walikuwa kando ya Kristo, wala mlangoni wakingoja.

Tatu, tunaingizwa katika Mwili kwa ubatizo wa Roho mmoja (1 Kor. 12:13). Ubatizo huo Bwana aliuahidi (Mdo. 1:5), nao ukaja Pentekoste. Baada ya mambo ya nyumba ya Kornelio, Petro alishuhudia kwamba Mataifa wamepewa karama ileile waliyopewa wao hapo mwanzo (Mdo. 11:15-17). Roho ni mmoja na karama ni moja. Miili miwili itoke wapi?

Hoja yao kubwa ni Waefeso 3, kwamba siri ilifunuliwa kwa Paulo. Ni kweli, Paulo alipewa neema ya pekee, na Petro alihitaji maono ya Yafa ndipo awakubali Mataifa. Lakini mtoto huzaliwa kabla ya kupewa jina. Tena mstari wa 5 wataja mitume na manabii, si mtu mmoja, na hao ndio msingi (Efe. 2:20). Nani ajengaye nyumba akautupa msingi nje?

Wala jambo hili si la wasomi peke yao. Ukiwatoa wale wa kwanza, watoka na Sala ya Bwana, na mahubiri ya mlimani, na ubatizo, na kwa wengine hata Meza ya Bwana, kwa kuwa vyote huambiwa ni vya Wayahudi. Tutabaki na nini?

Nasi tunao wa kwanza wetu. Unguja, mwaka 1864, wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa walikabidhiwa kwa Askofu Tozer wa UMCA. Pemba, mwaka 1897, sheria ilipoacha kuutambua utumwa, Marafiki walianza kazi yao miongoni mwa walioachwa huru. Walioamini kati yao hawakuingia Mwilini kwa kuweza kuieleza siri, bali kwa kumpokea Bwana.

Sisi tulio wachache kaskazini mwa kisiwa hiki tunawahitaji waliotutangulia, wa Yerusalemu na wa Pemba. Anayekuja kutufundisha kuwatenga, tusimpe mimbari.