Spea za mtumba zikaguliwe kwa makini

Mhariri,

Biashara ya spea za mtumba, yaani vipuri vinavyofunguliwa kutoka pikipiki chakavu au zilizopata ajali, inawafaa waendesha bodaboda wa Marangu, kwa kuwa taa, rimu au tenki la mafuta huweza kutumika tena kwa muda mrefu. Hata hivyo, mteremko wa kutoka lango la Hifadhi ya Kilimanjaro, lililo juu ya mita 1,800, kupitia Marangu Mtoni hadi Himo, huzichosha breki, kwa hiyo viatu vya breki, ambavyo ni vipande viwili vinavyotanuka na kubana ngoma ya gurudumu kwa ndani, havifai kununuliwa vikiwa vimelika. Injini nayo isilipiwe kabla namba iliyogongwa kwenye chuma chake haijalinganishwa na ile ya kadi ya usajili, kwani mikwaruzo ya tupa juu ya namba hiyo huashiria wizi, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humtia hatiani anayepokea mali akijua kuwa ni ya wizi. Wauzaji watoe risiti zenye namba hizo, na wanunuzi wazidai, maana uhai wa abiria anayeshuka sokoni na mkungu wake wa ndizi hauna spea.

Msomaji,
Marangu, Kilimanjaro