Kompyuta ndogo ya gemu huanza na kasha

MASHINE NA MAISHA
Na Zuhura Mkanga

Kijana akishadunduliza fedha za kuunda kompyuta ya gemu, swali analokwenda nalo dukani huwa hili: kadi gani ya grafiki inanifaa? Muuzaji humtajia kubwa kuliko zote ambayo mfuko wake unaifikia, wanakubaliana bei, na vingine vyote vinatafutwa baadaye. Kwa mashine kubwa ya kukaa sebuleni, utaratibu huo unaweza kupita. Kwa mashine ndogo, ambayo ndiyo inayotufaa wengi wetu tunaoishi chumba kimoja au viwili vya kupanga, utaratibu huo ni hasara. Kadi inafika nyumbani haiingii, au inaingia huku feni zake zimebanwa na bati la ubavuni. Msimamo wangu ni kwamba kasha litangulie kadi, na kabla ya kuchagua kasha, mtu alijue joto la chumba chake.

Wapo watakaosema anayetaka kitu kidogo anunue laptopu. Kwa mwanafunzi anayehama kila muhula, siwapingi. Lakini katika laptopu nyingi za gemu prosesa na kadi ya grafiki vimechomelewa kwenye bodi. Kimoja kikifa, mashine nzima iko mashakani. Ukiunda mwenyewe, baada ya miaka kadhaa unabadilisha kadi peke yake, na kasha, pawasaplai na hifadhi ya SSD vinaendelea na kazi. Kwa watu wanaonunua kwa kujinyima, uwezo huo wa kutengeneza na kuongeza kidogo kidogo ni jambo kubwa.

Tuanze na vipimo. Madabodi ya ATX, mfumo ulioletwa na Intel mwaka 1995, ina sentimita 30.5 kwa 24.4. Mini-ITX, iliyoletwa na kampuni ya VIA mwaka 2001, ni mraba wa sentimita 17 tu. Udogo huo una gharama zake: ina nafasi moja ya kadi, nafasi mbili za RAM, na kwa kawaida bei yake iko juu ya bodi ya Micro-ATX yenye uwezo uleule. Kwa hiyo RAM inunuliwe kwa kuona mbali. Vipande viwili vya GB 16 ni bora kuliko viwili vya GB 8, kwa sababu siku utakapotaka zaidi, hakuna nafasi ya tatu. Itabidi uving'oe vyote viwili. Pawasaplai nayo iwe ya aina ya SFX, yenye upana wa sentimita 12.5, kimo cha 6.35 na urefu wa 10. Ile ya kawaida ya ATX ina upana wa 15 na kimo cha 8.6, na makasha mengi madogo hayaipokei kabisa.

Makasha yenyewe hupimwa kwa lita. DAN A4-SFX, lililowapa wengi hamu ya mashine ndogo, lina lita 7.2. Fractal Design Terra lina lita 10.4, na Cooler Master NR200 lina 18.25. Mitandaoni sifa zote humwendea aliyebana vitu vingi katika lita chache. Mimi namshauri msomaji wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja asishindane nao. Achukue kasha la lita 15 hadi 20, lenye wavu ubavuni na juu. Bado linakaa juu ya meza ndogo, na bado unaweza kulipakata kwenye daladala.

Sababu ni joto. Kipozaji hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kulitoa joto kwenye prosesa na kulitupa katika hewa ya chumba. Kila nyuzi moja inayopanda chumbani hupanda karibu vilevile ndani ya mashine. Chukua kipozaji kinachoiacha prosesa nyuzi 55 juu ya joto la chumba. Katika chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya, prosesa itakuwa kwenye 75. Katika chumba cha nyuzi 32, hali tuliyoizoea hapa Dar es Salaam alasiri ya Februari, itafika 87. Prosesa nyingi za Ryzen 7000 zina kikomo cha nyuzi 95, na zikikigusa hujipunguzia kasi ili zisiungue. Umelipia kasi dukani, na kasha linakunyima nyumbani. Anayeishi Nairobi, Arusha au Iringa ana nafuu, na anaweza kuteremka hadi lita 10 bila hofu. Sisi wa pwani hatuna nafuu hiyo, na hakuna aibu kukubali sentimita chache zaidi ili mashine ipumue.

Joto likishaeleweka, kadi inajichagua. Kadi ya RTX 5090 hula hadi wati 575. RTX 4060 hula 115, yaani moja ya tano. Wati zote hizo huishia kuwa joto ndani ya chumba unacholala. Kwa skrini ya Full HD, ambayo ndiyo tunayoikuta katika nyumba nyingi, RTX 4060 yenye GB 8 inaendesha EA Sports FC, eFootball na GTA V vizuri, na ziko za feni moja zenye urefu wa sentimita 17 hivi. Anayetaka gemu nzito zaidi na skrini kubwa aangalie kadi ya GB 12 au 16, ila asivuke wati 200 hivi katika kasha dogo. Apime pia unene, kwa kuwa kadi nyingi za leo zimevuka unene wa nafasi mbili hata kama urefu wake unakubalika.

Prosesa iende na busara hiyohiyo. Ryzen 5 7600 ina viini sita, imekadiriwa wati 65, huja na kipozaji chake ndani ya boksi, na ina grafiki ndogo ya ndani ambayo inatosha kuwasha na kujaribu mashine kabla kadi haijapatikana. Zile za wati 105 na 170 ziko kwa ajili ya kazi nyingine. Ukiwa tayari na mojawapo ya hizo, ingia kwenye BIOS uiwekee kikomo cha wati 65. Katika gemu nyingi tofauti utakayoiona ni ndogo sana.

Mashine ya namna hii, skrini ikiwamo, inaweza kula wati 250 hivi gemu inapochezwa. Hiyo ni uniti moja ya LUKU kwa saa nne. Mashine ya wati 500 huimaliza uniti hiyo kwa saa mbili. Mzazi anayelipia umeme ana haki ya kuzijua hesabu hizi kabla hajatoa mchango wake.

Eneo ambalo sitaki mtu abane matumizi ni pawasaplai. Chagua ya wati 550 hadi 650 yenye alama ya 80 Plus Gold, kutoka kwa kampuni inayotoa dhamana ya miaka. Inayopoteza umeme kidogo huleta joto kidogo, na katika kasha dogo hilo unalisikia kwa masikio: feni zinatulia. Pamoja nayo weka UPS, kwa sababu umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huua vifaa. Soma wati zake, usiishie kwenye VA. Iliyoandikwa VA 650 mara nyingi hubeba wati zisizofika 400.

Sasa niwageukie wauzaji. Makasha ya kioo mbele na taa za rangi yanapendeza kwenye kabati la duka, lakini kioo hakipitishi hewa. Kumuuzia mtu wa Temeke kasha la namna hiyo, bila kumweleza, ni kumkosea. Vilevile makasha yanayotenganisha kadi na bodi kwa waya maalumu yanahitaji maelezo: waya wa PCIe 3.0 ukiunganishwa na kadi ya 4.0 unaweza kuleta skrini nyeusi hadi BIOS irekebishwe. Mteja asiyejua ataamini kadi imekufa. Fundi mwaminifu angemwambia hayo kabla ya kupokea fedha. Angemwambia pia kwamba pwani vumbi na unyevu wa chumvi hufanya kazi yao, hivyo chujio la kasha linalong'oka kwa mkono na kuoshwa lina thamani kubwa kuliko taa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani kwenda Kariakoo au Luthuli ya Nairobi, shika karatasi uandike mambo matatu ya kasha ulilolichagua: urefu wa kadi linayoipokea, kimo cha kipozaji linachokiruhusu, na aina ya pawasaplai yake. Chini yake andika jumla ya wati utakazotumia. Kila kifaa unachoonyeshwa kipimwe kwa karatasi hiyo, na muuzaji asiyeweza kukujibu kwa namba, mshukuru, uende duka linalofuata.