Mtoto, Mzio na Matone ya Probiotiki

Mama aliyejifungua hapa Gihosha, Burundi, hakosi washauri, na siku hizi ushauri mmoja unauzwa famasini: mpe mtoto probiotiki, yaani bakteria hai wa kumeza, hatapata mzio. Yapo madai manne humo, nami nayapinga.

La kwanza ni kwamba jambo hili limethibitishwa. Asili yake ni Turku, Finland. Katika utafiti uliotangazwa 2001, watafiti waliwapa wajawazito wa familia zenye mzio bakteria aitwaye Lactobacillus GG, kisha wakaendelea baada ya kujifungua kwa miezi 6. Watoto walipofika miaka 2, wenye ukurutu walikuwa 23 katika kila 100. Upande usiopewa bakteria, 46. Habari hiyo ilivuma. Ya Freiburg, Ujerumani, haikuvuma: mwaka 2008 madaktari walitangaza kwamba walijaribu bakteria yuleyule, wakakuta 28 kwa 27, yaani hakuna tofauti, na waliopewa bakteria walipata zaidi vipindi vya mkamba wa kukoroma kifua. Shirika la Mzio Duniani, mwaka 2015, liliona huenda kuna faida kwa familia zenye mzio, likasema lenyewe kwamba ushahidi ni dhaifu sana. Hapo faida iliyoonekana ni ya ukurutu. Anayekuahidi kinga ya pumu anaongeza ya kwake.

La pili: haina madhara. Kwa mtoto aliyetimiza miezi tumboni, mara nyingi ni kweli. Kwa njiti sivyo. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kichanga njiti kufa kwa maambukizi ya bakteria aliyepewa kama probiotiki.

La tatu linaniudhi kuliko yote: eti maziwa ya mama hayatoshi, yaongezewe bakteria. Maziwa hayo yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Ni chakula cha bakteria wema wa utumbo wake. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya watoto wa Burundi walio chini ya miezi 6 hunyonya tu, bila kingine. Nchi nyingi tajiri hazijafika hapo, na sisi tunaambiwa tununue kopo!

La nne huja pamoja na ushauri huo: eti karanga zicheleweshwe. Jaribio la London lililotangazwa 2015 lilifuatilia watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Walioanza kula karanga kabla ya kutimiza mwaka, ni 3 tu katika 100 waliokuwa na mzio wa karanga walipofika miaka 5, walioepushwa, 17. Basi, mtoto akianza kula akiwa na miezi 6, changanya unga laini wa karanga kwenye uji wake. Karanga nzima usimpe, itamkaba. Mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza: tangu 2006 serikali imeondoa malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka 5. Pesa za matone nunulia mayai.